Samaki wa Nadhiri

Mtu akibanwa na hofu huahidi lolote. Belarmino aliahidi samaki.

Ilikuwa Septemba. Binti yake Josenilda alikuwa hospitalini mjini, amejifungua mtoto wa kike na damu imekataa kukatika. Zulmira, mkewe, alikuwa huko huko na mgonjwa. Habari zilimfikia Belarmino kwa simu jioni, boti la mwisho limeshaondoka, akabaki peke yake na hofu yake. Akaenda kwenye kikanisa cha kijiji chetu, Barra do Jenipapo, akapiga magoti mbele ya Mtakatifu Sebastiano, akalia weee, kisha akasema kwa sauti ambayo hata mama aliyekuwa akifagia nje aliisikia: "Nirudishie mwanangu mzima. Siku ya sikukuu yako nitakuletea surubim, nimemvua kwa mikono yangu mwenyewe. Nitamweka miguuni pako, na kijiji kizima kitamla."

Kulipokucha damu ilikuwa imekatika.

Zulmira alirudi na wagonjwa wake baada ya wiki mbili, na Belarmino akamsimulia nadhiri ile kwa fahari, huku akimpakata mjukuu. Zulmira alikuwa anachagua maharage. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Sikukuu ya Mtakatifu Sebastiano ni lini, baba Josenilda?"

"Wewe nawe! Tarehe ishirini Januari."

"Na mto unafungwa lini?"

Belarmino akahesabu miezi kwa vidole. Akamtazama mjukuu kana kwamba mtoto wa wiki mbili angemsaidia.

Mto wetu, São Francisco, ambao sisi tunauita Mzee Chico, hufungwa tarehe mosi Novemba na haufunguliwi mpaka Februari iishe, ili samaki wapande juu wakatage mayai. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Belarmino alilijua kuliko wengi, maana aliyeufunga mto huo ni mkewe.

Sheria ya serikali ilikuwapo miaka mingi, lakini ilikaa redioni. Wakaguzi walikuja mara moja kwa mwaka, wakabandika karatasi kwenye mlango wa duka, wakalalamikia bei ya mafuta ya boti, wakaondoka, na mawimbi ya boti lao yalikuwa hayajatulia nyavu zikawa majini. Kisha ukaja mwaka ambao nyavu zilipanda na majani matupu. Ndipo Zulmira akazunguka nyumba kwa nyumba. Hakuomba mengi. Alitaka nyavu zote zilale kikanisani, nyuma ya mtakatifu, kwa kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasiopatana, na watu wajitolee zamu za kulinda mto alfajiri. Mwenye njaa aruhusiwe mshipi na ndoana moja, apate piranha wa mchuzi, lakini surubim, kambare mkubwa wa mto wetu, na wenzake wanaopanda na mayai wasiguswe. Atakayewagusa, wavu wake ubaki ndani siku kumi baada ya mto kufunguliwa. Siku kumi hizo ndizo zinazomlisha mvuvi nusu ya mwaka, kwa hiyo kila mtu alielewa, na Zulmira akachaguliwa mwenyekiti.

Gildásio alielewa, lakini hakukubali. Huyu ni mzazi mwenzake Belarmino, ndiye aliyemshika Josenilda siku ya ubatizo, na hakuna mkono unaomjua surubim kama wake. "Samaki hasomi kalenda," alisema kwenye mkutano. "Sisi tutawalea, wale wa mto wa chini ndio watakaowala. Tutakuwa mayaya wa kitoweo cha watu." Alitia sahihi kwa sababu mkewe alimkanyaga mguu chini ya benchi. Mwaka wa pili akanaswa na surubim wawili mtumbwini, na Zulmira akamfungia wavu siku kumi bila kupepesa macho. Tangu hapo Gildásio hakukanyaga nyumbani kwa Belarmino. Alikuwa anangoja siku ya mwenyekiti kuteleza, na hakulificha hilo.

Je, kufunga kulikuwa na faida? Zulmira asingeweza kuapa. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, bwawa la huko juu likashikilia maji, na samaki hawakupanda hata kidogo, watu wakashinda njaa bure. Machi iliyopita, kwa upande mwingine, nyavu zilitoka na surubim ambao vijana hawajapata kuwaona. Gildásio alisema ni mvua. Zulmira alisema ni kufunga. Hakuna aliyejua kwa hakika, na jambo usilolijua kwa hakika ni gumu kuwaomba watu walivumilie na sufuria tupu.

Hapo ndipo walipokuwa, mke na mume, Oktoba, Novemba na Desemba nzima, na nadhiri katikati ya kitanda.

"Tununue mmoja mjini, wa kwenye barafu," Zulmira alisema.

"Nilisema kwa mikono yangu."

"Basi ngoja Machi. Mtakatifu amefungwa mtini na mishale mwilini tangu enzi za Warumi, atashindwa na wiki sita?"

"Usimtanie, mama. Mimi nilipomlilia, yeye aliniambia ningoje Machi?"

Zulmira naye aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa kuliko mumewe. Kila Josenilda aliposhika ukuta kwa kizunguzungu, mama yake alihesabu siku zilizobaki kufika tarehe ishirini. Ahadi ni deni, na hili lilikuwa deni la mtu asiyeonekana, aliyeshika roho ya mwanawe mkononi. Lakini nyumba ya mwenyekiti ikivua, mto umefunguliwa. Siku hiyo hiyo nyavu zitatoka kikanisani, na hakuna atakayezirudisha tena, si yeye, si serikali. Alimwambia mumewe asithubutu. Alimwambia mara tatu, na kila mara sauti ilikuwa inapungua nguvu.

Asubuhi ya sikukuu aliamka akakuta upande wa Belarmino kitandani hauna mtu.

Jua lilikuwa limechomoza kidogo tu. Wanawake walishawasha mioto ya kupikia kuku na maharage ya sherehe, na filimbi na ngoma zilikuwa zinajaribiwa nyuma ya duka. Zulmira akashuka mtoni mbio na gauni lake la sikukuu, la buluu, akiwa amelikunja magotini. Alimwona mumewe anakaribia gati, amekaa nyuma ya mtumbwi, anapiga kafi polepole. Pembeni ya mtumbwi kulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na kitu kizito kinachofuata chini ya maji.

"Belarmino! Umefanya nini?"

"Ndoana moja tu," alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Nilimwambia mtakatifu, nina ndoana moja na chambo kimoja. Akitaka, atamleta. Asipotaka, basi, nimejaribu. Na amemleta, Zulmira. Sijakaa hata nusu saa."

Surubim alikuwa amefungwa kamba mdomoni, mzima, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, madoa meusi yamejipanga ubavuni, sharubu zinayumba. Tumbo lilikuwa limejaa mayai mpaka limetuna. Zulmira alisimama anatazama tumbo lile. Akajisikia mambo mawili kwa pamoja, na la kwanza lilimtia aibu: alishukuru. Deni limelipika, mwanangu hafi. La pili lilikuwa hasira iliyomfanya atamani kumtwanga mumewe kwa kafi.

"Tumkatekate hapa hapa, tumchanganye na kuku," Belarmino alinong'ona. "Nani atajua?"

"Kijiji kizima kitakula surubim na kisijue ni surubim? Una akili wewe?"

"Basi sijui. Mimi sijui tena, mama."

"Mimi najua!" ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Gildásio, amevaa suti yake nyeupe ya sikukuu, viatu amevishika mkononi asije akavichafua kwa matope. Alikuja kupamba boti la mtakatifu kwa maua ya karatasi. Alilitazama tumbo la samaki, akamtazama mzazi mwenzake, kisha akamtazama Zulmira kwa furaha ambayo hakujaribu kuizuia.

"Mkuki kwa nguruwe, siyo mwenyekiti?"

"Gildásio, nisikilize..."

"Nilikusikiliza miaka mitano! Siku kumi wavu wangu ulilala na popo kanisani. Wawili tu nilivua, na wote wawili hawafiki huyu. Kumbe mto unafungiwa sisi mayatima, wenye nyumba wanajipakulia." Akaanza kupanda ngazi za gati huku anapaza sauti. "Jamani! Njooni mwone mwenyekiti anavyofunga mto!"

Walikuja wote. Siku nyingine ungewaita watu kwa mkutano wakachelewa saa mbili, lakini siku hiyo walifika kabla hajamaliza kuita. Wenye filimbi walikuja na filimbi. Waliombeba mtakatifu walimleta na jukwaa lake, wakamweka kwenye boti lake kubwa kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kumweka. Josenilda alikuja na mtoto begani. Watu walimtazama samaki, hakuna aliyecheka, na Zulmira akajua kwamba hilo ni baya zaidi.

"Funguo ziletwe," mtu mmoja alisema nyuma. "Tugawane nyavu zetu."

"Funguo hazitoki," Zulmira alisema. "Sheria ni msumeno, na leo umefika kwangu. Belarmino amevunja makubaliano. Gildásio alipovunja nilimfungia siku kumi. Nyumba yangu itafungiwa ishirini, kwa sababu ni nyumba ya mwenyekiti. Wavu wetu utatoka kanisani tarehe ishirini na moja Machi, na ninyi mtakuwa mmeshajaza mitumbwi. Na huyu samaki anarudi majini."

Gildásio alikuwa ameshainua kidole aongeze neno, akakishusha.

Lakini Belarmino alikuwa anatikisa kichwa. "Siku ishirini sawa. Hata mwaka. Lakini samaki hapana. Huyu ni wa mtakatifu. Nikimrudisha nitakuwa nimemwonyesha mtakatifu chakula halafu nikamnyang'anya. Unajua atachukua nini badala yake? Unajua?" Alikuwa analia mbele ya watu, bila kujifuta.

"Baba," Josenilda aliita. Alikuwa ameshuka mpaka ukingoni, amepauka bado, mtoto amelala. "Uliahidi nini hasa?"

"Kumweka miguuni pake. Na watu wamle."

"Na uliahidi kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mwanangu."

"Basi mimi ndiye mwenye nadhiri. Wewe mweke miguuni pake, hiyo nusu yako. Kulisha watu nakuchukulia mimi. Mto ukifunguliwa nitapika surubim kijiji kizima kishibe, na nisipopika mtakatifu anidai mimi, siyo wewe." Akamgeukia mtakatifu kwenye boti lake. "Umesikia? Mimi hapa."

Kwetu jambo hilo linajulikana: aliyeombewa anaweza kuipokea nadhiri. Bibi mmoja alisema "Amina," na wengine wakafuata. Belarmino alimtazama mkewe, Zulmira akaitikia kwa kichwa.

Belarmino akashuka majini na suruali yake mpaka kiunoni. Walisogeza boti la mtakatifu. Akamkumbatia surubim kwa mikono miwili, akamwinua mpaka kichwa kikagusa ubao chini ya miguu ya sanamu, akasema maneno yake ambayo hakuna aliyeyasikia. Kisha akamshusha, akakata kamba, akafungua mikono.

Samaki akageuka tumbo juu.

Alielea hivyo, tumbo jeupe limeelekea angani, na mkondo ukaanza kumsukuma taratibu kuelekea kwenye matete. Belarmino akamrukia, akamgeuza, akamtikisa mkia mbele na nyuma. Samaki akageuka tena tumbo juu. Kamba ilikuwa imembana muda mrefu, na kule kuinuliwa nje ya maji kumemmaliza.

Zulmira alimwona mumewe usoni akajua maisha yao yatakavyokuwa. Samaki huyu akifa, Belarmino atakuwa anangoja kifo cha mwanawe kila asubuhi, na kila homa ya mtoto itakuwa ni mtakatifu amekuja kuchukua chake. Na yeye mwenyewe, pamoja na maneno yake yote ya msumeno, atangoja pia. Alitaka kusali, lakini hakuna sala iliyomjia.

"Toa mikono yako hiyo!" Gildásio alifoka. "Unamnyonga, we mzee! Unamrudisha nyuma, maji yanamwingilia vibaya!" Akatupa viatu, akaingia mtoni na suti nyeupe. Akamsukuma Belarmino begani, akamshika surubim kwa namna nyingine kabisa, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine penye shingo ya mkia, kichwa kimeelekea mkondo. Akaanza kutembea naye kupanda mto. Hatua kumi, akageuka kwa duara, akarudi, akapanda tena. Hakumrudisha nyuma hata mara moja.

Walingoja. Mishumaa ya mtakatifu iliungua mpaka nta ikamwagika kwenye maua ya karatasi. Mtu alianza litania, akaishia katikati. Kule juu harufu ya maharage yanayoungua ilianza kushuka, na hakuna mwanamke aliyekwenda kuyaepua.

"Pumua, mshenzi mkubwa we," Gildásio alikuwa anamwambia samaki. "Pumua. Umetuaibisha vya kutosha. Unataka nini, nikuimbie?" Jasho lilimtiririka. Akamtupia jicho Josenilda ukingoni. "Na wewe binti yangu usinitazame hivyo. Nitashindwa."

"Sikutazami, baba wa ubatizo."

"Unanitazama."

Mikono yake ilianza kushuka kwa uzito. Belarmino akasogea, hakuuliza, akaweka mikono yake chini ya tumbo karibu na ya mwenzake.

"Hapo?"

"Mbele kidogo. Usiminye mayai."

"Hivi?"

"Hivyo. Twende. Taratibu, mzazi mwenzangu."

Ilikuwa miaka mitatu hajamwita hivyo. Wazee wawili wakapanda mto wakizunguka, maji kifuani, kama wanaobeba jeneza la mtu ambaye hajakubali kufa. Mara ya nne au ya tano, Gildásio akasimama.

"Shavu," alisema.

"Nini?"

"Shavu limecheza. Nyamaza."

Likacheza tena. Kisha mapezi ya ubavuni yakafunguka, kidogo, yakafunga. Samaki alikaa mikononi mwao wima, hashikwi na mtu, anajishika mwenyewe. Gildásio akafungua vidole kimoja kimoja. Samaki hakuondoka mara moja. Alikaa pale, akavuta maji, akaachia, kisha mkia ukapiga mara moja tu na wazee wote wawili wakaanguka chali mtoni.

Sijui kama kuna goli lililowahi kushangiliwa hivyo Barra do Jenipapo. Ngoma zililia zenyewe. Watu waliruka majini na nguo za sikukuu, wengine bila sababu yoyote. Josenilda alikuwa anacheka na kulia, mtoto ameamka analia kwa haki yake. Zulmira alikaa chini pale pale, kwenye matope, na gauni lake la buluu, akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Septemba. Ilimtoka ndefu mpaka akaogopa kwamba haitaisha.

Wazee walitoka mtoni wameshikana mabega. Suti ya Gildásio ilikuwa na rangi ya mto, na majani yamemganda mfukoni. Kijana mmoja, Valdomiro mwenye mtumbwi mpya wa injini, alikuwa anatazama upande wa matete.

"Ila angalau sasa tunajua amejificha wapi," alisema akicheka. "Mkubwa vile, kesho alfajiri..."

Gildásio alimgeukia na maji yanamtiririka kwenye masikio. "Kesho alfajiri nini?"

"Natania tu, mzee."

"Yule samaki nimempumulia mimi. Mgongo wangu umekatika kwa ajili yake. Mtu akimgusa kabla ya Machi, nitamweka yeye kwenye ndoana. Umesikia? Na siyo yeye peke yake, hata wenzake. Nitajuaje yupi ni yeye?"

Alikaa kwenye gati, akamwaga maji kutoka mifukoni, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho. Alipoviona havimsaidii tena, akamwita Zulmira, bado anatazama mto.

"Mwenyekiti. Zamu za kulinda mto alfajiri, siku gani haina mtu?"

Zulmira alijifuta matope ya mikononi kwenye gauni, akajibu kwa sauti ya kikazi.

"Jumanne. Na Ijumaa."

"Niandike zote mbili," alisema Gildásio.